Milingoti ya Simu ya Upepo kando ya Ziwa Tanganyika

Mtu akipanda leo kwenye vilima vya Kalemie na kutazama chini kuelekea ziwa, ataona minara mirefu ya makampuni ya simu za mkononi, iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Hiyo kila mtoto aijua kazi yake. Lakini katika viwanja vya misioni nyingi za jimbo letu la Kalemie-Kirungu upo mlingoti mwingine, mfupi, wa bomba za chuma zilizounganishwa, umeegemea kidogo upande mmoja, na kileleni umefungwa waya unaoshuka mpaka kwenye mwembe au mkaratusi. Vijana hupita chini yake bila kuuliza. Mahali pengine akina mama huanika nguo kwenye kamba zake, na mbuzi hufungwa kwenye kigingi chake. Huo ndio mlingoti wa foni.

Halmashauri zaidi ya moja za parokia zimekwisha kuuliza: je, tuutunze mlingoti huu, au tuung'oe na kuuza chuma? Kabla ya kujibu yafaa tujue ulitoka wapi. Historia yake ni ndefu kuliko watu wadhanivyo, tena sehemu yake kubwa ni ya ziwa letu.

Hapo zamani habari ilikwenda kwa mguu na kwa kasia. Mapadre Weupe walipokabidhiwa boma la Mpala mwaka 1885, barua yao ya kwenda ng'ambo, Karema, ilivuka ziwa kwa mtumbwi au jahazi, na kama upepo wa kusini ulikuwa mkali, ilingoja. Barua ya Ulaya ilikwenda na wapagazi mpaka pwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa simu wa Bwana Cecil Rhodes, uliotoka Afrika ya Kusini kwa shabaha ya kufika Misri, ulifika Ujiji ukakomea hapo. Ng'ambo ile, basi, ilikuwa na waya. Ng'ambo yetu ilikuwa na makasia.

Tarehe 12 Desemba 1901 Bwana Guglielmo Marconi alisikia, katika kisiwa cha Newfoundland, alama iliyotumwa bila waya kutoka Uingereza kupitia juu ya bahari ya Atlantiki. Antena yake ya kupokelea ilikuwa waya ulioinuliwa na tiara, kama zile wanazorusha watoto. Hilo tulikumbuke, maana latufunulia shida yote ya kazi hii tangu mwanzo: mashine yaweza kukaa mezani, lakini waya lazima uwe juu. Mwenye simu ya upepo hana budi kuwa fundi wa milingoti.

Mfalme Albert wa Ubelgiji aliona mara moja faida ya chombo hiki kwa nchi kubwa kama Kongo, ambamo nguzo za waya huliwa na mchwa na kuangushwa na miti. Akamsaidia mtaalamu Robert Goldschmidt, na kabla ya vita vya 1914 vituo vya simu ya upepo vilikuwa vimejengwa kutoka Boma, kupanda mto mpaka Stanleyville, kisha Kindu, Kongolo, Kikondja, na kuishia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mstari huo ulifuata mto Lualaba, haukufuata ziwa. Vitabu vyasifu wahandisi, na kwa haki. Lakini vyuma vile, injini zile na marundo yale ya waya havikutembea vyenyewe msituni. Vilibebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote tulilowahi kuliona. Sisi twawahesabu kuwa mafundi wa kwanza wa milingoti katika Kongo.

Sasa tufike Agosti 1914, mwezi ambao wafaa kukumbukwa na kila mtu anayetunza mnara. Tarehe 8 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilisimama mbele ya Dar es Salaam na kupiga mizinga kuelekea kituo cha simu ya upepo cha Wadachi, nao Wadachi wenyewe wakauangusha mnara wao. Tarehe 19, siku moja kabla ya adui kuingia Brussels, Wabelgiji walikilipua kwa baruti kituo chao kikubwa cha Laeken, ambacho kilijengwa ili kusema na Kongo. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25, huko Kamina katika nchi ya Togo, Wadachi walibomoa minara yao mirefu iliyokuwa ikisema na Ujerumani moja kwa moja. Kituo hicho kilikuwa kimemalizika muda mfupi tu uliopita. Minara ya mahali patatu katika siku kumi na saba, na kila mmoja umeangushwa na mwenyewe! Mtu haharibu kitu cha namna hiyo ila akijua kwamba kikiwa mikononi mwa adui ni kibaya kuliko jeshi.

Vita vya ziwani wazee wetu walivisimulia sana, nasi hatutavirudia vyote. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Mwishoni mwa mwaka huo huo Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizokokotwa kutoka Afrika ya Kusini. Zikaiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Mwezi Julai 1916 Wadachi walizamisha wenyewe meli yao kubwa Graf von Götzen karibu na Kigoma, ile ambayo baadaye iliinuliwa ikaitwa Liemba. Hapo tena twaona mkono wa mwenyewe.

Baada ya vita hivyo likaja jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko mizinga yote ya ziwani, ingawa halikupigiwa ngoma. Wakati ule wakubwa wa serikali na makampuni waliamini kwamba mawimbi marefu tu ndiyo yafikayo mbali, na mawimbi marefu yataka minara mirefu sana na injini za nguvu. Mawimbi mafupi, ya chini ya mita 200, yalihesabiwa kuwa takataka. Basi sheria ya Marekani ya mwaka 1912 ikawapa hayo wapenda-redio, yaani watu wanaojifunza redio kwa hiari yao, bila mshahara na bila biashara, ambao Wafaransa huwaita radioamateurs. Waliosukumwa pembeni wakaanza kulima shamba lile walilotupiwa. Desemba 1921 alama za wapenda-redio wa Marekani zilisikiwa Ardrossan, katika nchi ya Scotland. Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy, akiwa mjini Nice, na Mmarekani Fred Schnell, katika jimbo la Connecticut, walisemezana juu ya bahari kwa wimbi la mita 100 hivi. Kumbe takataka ile ilikuwa ndiyo mali!

Kwa nini tunaiita mali? Kwa sababu wimbi fupi lataka waya mfupi. Hesabu yake haimshindi mtoto wa shule ya msingi: antena ya kawaida ni nusu ya wimbi, ikipunguzwa kidogo. Kwa wimbi la mita 40 waya wote ni mita 20 tu, kumi upande huu na kumi upande ule, na katikati hushuka kebo inayokwenda mezani. Waya huo hauhitaji mnara wa Kamina. Mlingoti mmoja wa mita 10 au 12 watosha. Kitovu cha waya huinuliwa kileleni, na ncha mbili hushushwa kama paa la nyumba.

Tena kuna jambo lililowafaa sana watu wa milima yetu. Waya ukiwekwa chini namna hiyo, mawimbi hayakimbii kando, bali hupanda juu karibu wima, hugonga tabaka la hewa yenye umeme liitwalo ionosfera, kisha hurudi na kumwagika pande zote katika mzunguko wa kilomita mia kadhaa. Milima ya Marungu haiyazuii, kwa maana hayapiti kando ya mlima, yapita juu yake. Kutoka Kalemie hadi Moba kwa mstari ulionyoka ni kilomita 140 hivi, na barabara wote twaijua wakati wa masika. Kwa njia ya juu Moba iko jirani, na Nyunzu na Manono na Kongolo pia. Yaani mlingoti mfupi kwetu ni bora kuliko mrefu. Hata leo wako watu wanaodhani kwamba kuongeza bomba mbili juu kutaongeza sauti ya Kirungu. Kutaongeza labda sauti ya Ulaya, na kazi ya kushindana na upepo.

Kanisa halikuchelewa. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alifungua Redio Vatikano, iliyojengwa na Marconi yule yule, na kwa mara ya kwanza sauti ya Baba Mtakatifu ikasikiwa na ulimwengu kwa mawimbi mafupi. Mwaka 1951 Papa Pius XII alimweka Malaika Mkuu Gabrieli kuwa msimamizi wa kazi zote za simu na redio. Katika nchi ya Poland Padre Maximilian Kolbe, Mfransisko, alisimamisha kituo kidogo katika monasteri yake ya Niepokalanów mwaka 1938, na alama yake ya hewani ilikuwa SP3RN. Vita vikakinyamazisha. Yeye mwenyewe alikufa Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, baada ya kujitoa kufa badala ya baba wa watoto, naye alitangazwa mtakatifu mwaka 1982. Wapenda-redio Wakatoliki wa nchi nyingi humwomba kama somo wao. Nchini Nepal Padre Marshall Moran, Mjesuiti, alijulikana duniani kote kwa alama yake 9N1MM, na kwa miaka mingi alikuwa karibu sauti pekee ya nchi ile hewani.

Katika Kongo ya Wabelgiji alama za wapenda-redio zilianza na OQ5. Baada ya uhuru wa 1960 zikawa 9Q. Hapa lazima tuonye jambo moja la sheria, maana watu huchanganya. Foni ya misioni si redio ya wapenda-redio. Mpenda-redio hufanya mtihani, hupewa alama yake, na haruhusiwi kupitisha shughuli za kazi wala kuagiza saruji. Misioni, hospitali na mashirika huomba serikalini mawimbi yao maalumu. Lakini mlingoti ni ule ule, waya ni ule ule, na ujuzi wa kuusimamisha umetoka kwa wapenda-redio wale wa 1921.

Foni ilileta msaada, ikaleta na hatari. Mwaka 1964, waasi walipoiteka Albertville mwezi Juni na kuishika mpaka mwisho wa Agosti, na walipoenea mashariki yote ya Kongo, mashine ya kusemea ilihesabiwa kuwa silaha. Wamisionari wa madhehebu mbalimbali walishtakiwa kuwa wapelelezi kwa sababu ya foni, na hata redio ndogo ya kusikilizia tu ilitiliwa shaka. Tusiwacheke walioshuku hivyo. Yale ya Agosti 1914 yalionyesha kwamba mnara ni silaha kweli, ukiwa mikononi mwa wanaopigana. Ndiyo sababu desturi njema ya foni za misioni imekuwa hii: kusema mambo ya wagonjwa, ya safari, ya misiba na ya ibada, tena kwa lugha ambayo kila mtu aijua, kutotaja askari wamepita wapi, na kuweka karatasi ya ruhusa mezani kando ya mashine. Katekista anayekaa kwenye foni ana mashahidi wengi kuliko anayekaa kwenye kiti cha halmashauri, kwa kuwa kila neno lake lasikiwa na parokia zote kwa mara moja, na na wengine asiowajua.

Vita vya 1998 viliporudi, na Kalemie ikashikwa na jeshi la RCD, barabara zilifungwa, reli ikalala, na posta haikuwa na la kupeleka. Miaka ile katika sehemu nyingi za mashariki foni ilikuwa ndiyo barua. Watu walitembea siku nzima ili kusimama nje ya dirisha la padre na kusikia kama ndugu yao aliyekimbia yu hai. Jina lilisomwa, likarudiwa polepole, herufi kwa herufi, kati ya kelele za hewa. Halafu wakangoja. Wengine waliondoka wakiimba, wengine walikaa chini hapo hapo penye kigingi cha mlingoti. Tarehe 25 Februari 2002 ilianza Redio Okapi, na kwa mara ya kwanza tangu vita hivyo nchi iliyogawanyika ikasikia habari zile zile kwa saa ile ile.

Kisha zikaja simu za mkononi, na foni ikaanza kusahauliwa. Twaelewa. Nani atapenda kungoja saa maalumu na kupiga kelele, ikiwa aweza kusema na mwanawe aliye Lubumbashi akiwa sokoni?

Lakini tarehe 5 Desemba 2005, saa nane mchana na dakika chache, ardhi chini ya ziwa ilitetemeka kwa nguvu ya 6.8. Nyumba nyingi za Kalemie zilipasuka na nyingine zilianguka, na makanisa yaliumia. Mlingoti mwembamba wenye kamba pande tatu huyumba na kurudi. Ukuta wa matofali haujui kuyumba. Hii ni sababu moja ya kutofunga mlingoti kwenye ukuta wa kanisa, kama wengi wapendavyo kufanya ili kuokoa gharama ya kamba. Sababu ya pili ni radi. Wataalamu waliohesabu radi kwa vyombo vya angani walitangaza mwaka 2016 kwamba milima ya Kabare, huko Kivu, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo huko Venezuela. Sisi tu majirani wa milima hiyo. Radi haiulizi ni mlingoti wa nani, nasi hatutaki kuileta juu ya vichwa vya waumini.

Basi, mlingoti ukae peke yake, mbali na nyumba kwa urefu wake wote, na mbali zaidi na nyaya za umeme, maana waliokufa katika kazi hii wengi hawakuanguka. Waligusisha bomba kwenye waya wa umeme walipokuwa wakiliinua. Usikae ufukoni, kwa kuwa tumeona mwaka 2021 na tena 2024 jinsi ziwa lilivyopanda na kuingia katika mitaa. Kamba za kushikiza ziwe tatu kwa kila ngazi, zikigawa duara sawasawa. Kwa mlingoti wa mita 12 vigingi viwe mita 8 au 9 kutoka shina. Ukiwa wa mti badala ya chuma, usiuzike moja kwa moja udongoni, kwani mchwa watauanza siku hiyo hiyo; ufunge kwa boliti kwenye vyuma viwili vilivyosimamishwa katika zege, na shina lisiguse ardhi. Usimame wima kwa timazi, si kwa jicho la mzee mwenye haraka. Nyaya za shaba zishuke kutoka shina mpaka kwenye fimbo iliyopigwa chini ardhini, na mawingu yakianza kufunga upande wa ziwa, kebo itolewe kwenye mashine na kuachwa nje ya dirisha.

Jambo lidharauliwalo kuliko yote ni kapi. Kapi ya shilingi chache kileleni, yenye kamba ndefu, hukuwezesha kuushusha waya na kuutengeneza ukiwa umesimama chini. Pasipo kapi, kila kikombe cha kauri kinachopasuka chamtaka mtu apande. Tena mtu huyo huwa ni kijana shujaa asiye na mkanda wa kujifungia, na wenzake chini wakimshangilia. Parokia isiyo na fedha ya kapi haina fedha ya kumzika kijana.

Sasa turudi kwenye swali la halmashauri. Wanaotaka kuuza chuma wana hoja ya kweli: mashine nyingi zimekufa, betri ni ghali, na wanaojua kuzitumia wamezeeka. Hatusemi kila parokia irudi kwenye foni. Parokia ya mjini Kalemie yaweza kuishi bila hiyo. Lakini minara ya simu za mkononi hula mafuta au hutegemea mitambo ya mbali. Mafuta yasipofika, hunyamaza, na serikali ikiamuru, hunyamaza vilevile. Parokia za Marungu na za bonde la Lukuga zajua siku hizo. Foni yataka betri moja ya gari, bamba moja la jua na waya wa mita 20, na kati ya parokia na parokia haina mtu wa tatu. Mahali ambapo mama mwenye uchungu wa siku mbili hana njia nyingine ya kuita gari, kung'oa mlingoti ni kumng'olea yeye. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mlingoti wa mjini uuzwe kama inabidi, na fedha yake inunue kamba na betri za milingoti ya mbali. Kila parokia iliyo mbali ipeleke vijana wawili, mmoja wao msichana, wajifunze kwa wazee wa foni wangali hai.

Mafunzo yenyewe si ya darasani. Yafaa yafanywe mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijashika, wakati kila mlingoti hukaguliwa: kutu kwenye shina, ukazi wa kamba, vigingi, vikombe vya kauri, na kamba ya kapi, ambayo jua la kiangazi huila kwa ndani na nje ikabaki nzuri. Kamba hiyo ibadilishwe hata ikionekana mpya. Funga ncha ya kamba mpya kwenye ncha ya ile ya zamani, uvute polepole, na ile mpya itapanda yenyewe mpaka kileleni.